Dawa ya Kila Siku: Kongwa na Historia ya Kuurudisha Mwili

Kiswahili kina maneno kadha wa kadha ya kumtaja mtu atokaye katika ugonjwa. Husemwa kwamba amepona, kwamba amepata nafuu au ahueni, kwamba ameinuka kitandani. Katika miaka ya karibuni waganga na maofisa wa afya wa Tanzania wamelizoesha neno jingine, nalo ni utengamao, litokalo katika kitenzi cha kutengamaa. Neno hili lastahili kutazamwa kidogo kabla ya kupita. Jambo hutengamaa lilipokuwa limevurugika, likarejeshwa taratibu mahali pake, kisha likatulia. Mtu aweza kupona kwa usiku mmoja, homa ikimwachia alfajiri. Lakini hakuna atengamaaye kwa usiku mmoja. Mkono uliopooza, goti lililokaa ndani ya plasta majuma sita, vidole vilivyokunjamana kwa ukoma, vyote hivi havingoji dawa inywewe ikafanya kazi yake huku mwenye maradhi amelala. Vyangoja kazi ya mikono, na kazi yenyewe ni ndogo, yachosha, na hurudiwa kila siku.

Kazi hiyo ndiyo kiini cha tiba ya viungo, ambayo wengi siku hizi huiita fiziotherapia. Habari zake huelezwa mara nyingi kana kwamba ni habari za vyuo na hospitali tu. Walakini sehemu yake kubwa haikutendeka hospitalini kamwe. Ilitendeka nyumbani, katika mikono ya mama, ya mke, ya mjukuu, na ya mgonjwa mwenyewe. Basi swali lililo gumu ni kama kazi hiyo ya nyumbani huleta tofauti kweli, au ni pambo tu lililotiwa juu ya dawa. Swali hilo lilipata kupimwa kwa kipimo cha haki huko Kongwa, katika uwanda wa kati wa Tanzania, ingawa kiungo kilichopimwa hakikuwa mguu wala mkono, bali jicho. Ili kufahamu uzito wa kipimo kile, yafaa kwanza kujua tiba ya viungo ilitoka wapi.

Haifai mwanafunzi adhani kwamba tiba hii iliingia Afrika ya Mashariki pamoja na meli. Kuchua na kukanda ni maneno ya nyumbani. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Aliyeteguka kifundo huchuliwa kwa mafuta ya nyonyo au ya ufuta. Aliyevunjika mfupa hufungwa gango na muunga mifupa. Si kwamba kila mwenye kuunga mifupa alikuwa na maarifa. Gango likikazwa mno huzuia damu, na mguu uliovunjika tu huishia kuoza. Hospitali nyingi za bara zimewapokea wagonjwa wa namna hiyo. Lakini wazo lenyewe, kwamba kiungo kilichoumia chahitaji mkono wa mtu mwingine na kwamba mkono huo hauna budi kurudi kesho na kesho kutwa, lilikuwapo.

Huko Ulaya wazo hilo lilipata chuo mwaka 1813, Pehr Henrik Ling alipofungua mjini Stockholm taasisi ya mazoezi ya mwili. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wachuaji wenye mafunzo, na sababu mojawapo yachekesha kidogo: jina la uchuaji lilikuwa limechafuliwa na nyumba za mji ule zilizouza mambo mengine kwa jina hilo, na wanawake wale walitaka kuisafisha kazi yao. Vita Kuu ya kwanza ndiyo iliyoikuza. Maelfu ya askari walirudi wakiwa hai lakini bila nguvu ya mkono au mguu, na nchi zikatambua kwamba kumwokoa mtu asife si sawa na kumrudisha kazini. Wapo pia waliorudi wakiwa wamepofuka. Katika Uingereza nyumba ya St Dunstan's, iliyoanzishwa mwaka 1915, iliwafundisha baadhi yao kazi ya uchuaji, maana vidole vya kipofu husoma msuli kuliko macho ya wengi. Na katika Japani wapofu walikuwa wameishika kazi hiyo kwa karne kadhaa.

Ni ukoma, hata hivyo, ulioonyesha wazi zaidi mahali ambapo kazi ya daktari hukoma na ya mgonjwa huanza. Kwa zama nyingi watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na kufika hospitali ya Vellore mwaka 1946, alionyesha kwamba sivyo. Ugonjwa huua mishipa ya fahamu; mkono usiosikia maumivu hushika sufuria ya moto, hukaza nyundo kupita kiasi, hupata kidonda na kukisahau, na vidonda hivyo ndivyo vinavyovipunguza vidole. Brand na wenzake waliweza kuuchukua mshipi wa msuli uliobaki mzima wakauhamishia kwenye vidole vilivyopooza. Upasuaji ulichukua saa chache tu. Baada yake mgonjwa alihitaji majuma ya kujifunza upya, maana msuli uliozoea kufanya kazi moja tangu utotoni sasa uliambiwa ufanye nyingine, na ubongo hauna njia ya kulipokea agizo hilo ila kwa kurudia. Pasipo mazoezi, upasuaji mzuri ulibaki kovu zuri. Na hata mgonjwa ambaye hakupasuliwa alitakiwa kila siku kuiloweka miguu majini, kuipaka mafuta, kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, na kuzitazama nyayo kabla ya kulala.

Katika Tanzania elimu hii ilipata makao yake makubwa kaskazini na pwani. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na hapo ndipo waganga wengi wa viungo wa nchi hii walipofunzwa. Mwaka 1981 kikafuata hapo hapo Moshi chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Dar es Salaam ilipata shirika la CCBRT mwaka 1994 na taasisi ya mifupa ya Muhimbili mwaka 1996. Msomaji akiitazama ramani ataona shida iliyopo. Mtu wa Kongwa aliyetaka huduma hizo alisafiri mamia ya kilomita, na tiba ya viungo si kama upasuaji ambao mtu huufuata mara moja akarudi nao. Ni tiba ya kila juma, na baina ya majuma ni ya kila siku. Kadiri mganga anavyokuwa mbali, ndivyo kazi inavyozidi kumwangukia mtu wa nyumbani.

Kongwa yenyewe jina lake lilitangaa ulimwenguni kwa jambo lililo kinyume kabisa na kazi ndogo ya kila siku. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapo mpango wake mkubwa wa karanga. Ilikusudiwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia, ambayo yalikuwa haba baada ya vita. Matrekta yaliletwa, na mengine yaliundwa kwa mabaki ya vifaru vya kivita. Mbuyu ulishinda chuma mara nyingi. Udongo uliponyimwa mvua ulikauka ukawa kama tofali, na karanga zilizokomaa ndani yake hazikung'oleka. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Waliokuwapo kabla ya matrekta, Wagogo na Wakaguru, walibaki na ng'ombe wao, mtama wao, na mvua yao ya msimu mmoja. Walibaki pia na ugonjwa wa macho ambao hakuna aliyekuja na trekta aliyeutilia maanani sana.

Ugonjwa huo Waswahili huuita vikope, na wataalamu huuita trakoma. Mwanzo wake ni kijidudu kiitwacho Chlamydia trachomatis, ambacho hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa vidole, kwa kitambaa, na kwa inzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona bila alama. Madhara hutokana na kurudia: akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa ukope hupata makovu, makovu hukaza, na baada ya miaka mingi ukingo wa ukope hujikunja kuelekea ndani, kope zikawa zinakwaruza mboni kila mtu apepesapo. Maumivu yake ni kama ya mchanga usiotoka. Wanawake wazima huteseka zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto na kuambukizwa nao mara kwa mara. Wengi wao hubeba kibano kidogo na kung'oa kope zao wenyewe, ambazo baada ya majuma machache huota tena zikiwa fupi na kali. Mwisho wake ni upofu, na bibi aliyepofuka huongozwa kwa fimbo na mjukuu ambaye mara nyingi angepaswa kuwa shuleni. Si ajabu kwamba shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilianzishwa mwaka 1950 huko Buigiri, katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, miongoni mwao Hugh Taylor na Sheila West, walishirikiana na waganga wa Tanzania kuyachunguza macho ya watu wa Kongwa. Kazi hiyo iliendelea miongo mingi, na jina la Harran Mkocha limo katika makala zake nyingi. Jambo la kwanza walilotaka kujua lilikuwa rahisi kulitaja: katika nchi yenye uhaba wa maji, je, vikope ni ugonjwa wa ukosefu wa maji? Watu wengi wangejibu kwamba ndiyo, na wasingefikiri zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yaliwashangaza. Kiasi cha maji yaliyoletwa nyumbani kwa siku hakikuonekana kufuatana na kuwapo kwa vikope katika nyumba hiyo. Kilichofuatana navyo kilikuwa uso wa mtoto. Palipokuwa na uso mchafu palikuwa na ugonjwa, hata kama mtungi ulijaa. Palipokuwa na uso safi ugonjwa ulipungua, hata kama mtungi ulikuwa nusu.

Hapa ndipo ilipolazimu kuuliza mtungi hutumiwaje, na jibu halikuwa la kitabibu. Mama aliyetembea muda mrefu kuchota maji ana hesabu yake: ya kupika, ya kunywa, ya ndama, ya baba atakaporudi. Uso wa mtoto unaochafuka tena baada ya saa moja haumo katika hesabu hiyo, na mama anayeumwagia maji huweza kuonekana mpotevu mbele ya mume na majirani. Kumwambia mama huyo, na yeye peke yake, kwamba aoshe watoto kulikuwa ni kumtwisha lawama juu ya ndoo. Kwa hiyo mafundisho yalifanywa katika mikutano ya ujirani, wanaume wakiwamo, na maji yakamiminwa mbele ya macho ya watu ili wahesabu wenyewe lita moja yaweza kuosha nyuso ngapi. Zilikuwa nyingi kuliko walivyodhani.

Kisha ikaja hatua iliyoifanya Kongwa isomwe katika vyuo vya utabibu. Vilichukuliwa vijiji sita, jozi tatu. Katika vyote sita watoto walitiwa dawa ya macho ya tetrasaiklini kila siku kwa siku 30. Katika vitatu, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, dawa hiyo iliambatana na bidii kubwa ya kuwafundisha watu kuosha nyuso za watoto. Vitatu vilivyosalia vilipata dawa peke yake. Watoto waliofuatiliwa, wa umri wa mwaka 1 hadi 7, walikuwa 1,417. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet la London. Baada ya mwaka mmoja, uwezekano wa mtoto kuwa na vikope vikali katika vijiji vilivyofundishwa ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya theluthi ukilinganishwa na vile vilivyopewa dawa tu.

Matokeo hayo yasipambwe kuliko yalivyo. Tofauti ilionekana katika vikope vikali, si katika kila aina. Tena, hata katika vijiji vilivyofundishwa kwa bidii yote ile, watoto waliokutwa na uso safi mara nyingi walipotazamwa walikuwa kama theluthi moja tu, hali vijiji vingine vilikuwa na kama robo. Kuibadilisha desturi ya nyumba ni kazi ngumu kuliko kutia dawa. Hata hivyo mabadiliko hayo madogo ya desturi yalitosha kuonekana katika macho ya watoto mwaka mzima baada ya dawa kwisha. Kabla ya Kongwa, mtu aliyesema kwamba kuosha uso ni tiba aliweza kuambiwa kwamba anahubiri usafi tu. Baada ya Kongwa alikuwa na hesabu mkononi. Shirika la Afya Duniani liliuweka usafi wa uso kuwa mojawapo ya nguzo nne za kupambana na vikope, pamoja na upasuaji wa kope, dawa, na utengenezaji wa mazingira. Nguzo ya dawa ilipata nguvu mpya kampuni ya Pfizer ilipoanza mwaka 1998 kutoa azithromaisini bila malipo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Shabaha ya kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2020 haikufikiwa, ikasogezwa hadi 2030.

Upasuaji wa kope nao una fundisho lake. Ukope uliojikunja hukatwa na kugeuzwa utazame nje, kazi ambayo muuguzi aliyefunzwa aweza kuifanya katika zahanati. Lakini kwa wagonjwa si haba kope hurudi ndani baada ya miaka kadhaa, maana kovu halikomi kukaza.

Sasa mtu anayeitazama tiba ya viungo kutoka Kongwa ataiona kwa macho mengine. Chukua mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda ndani, ambao kwa Kiswahili huitwa mguu kifundo. Kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, njia inayotumiwa leo katika hospitali kadhaa za Tanzania, mguu hunyooshwa kwa mkono na kufungwa plasta kila juma, na baada ya majuma machache huwa umenyooka. Wazazi hufurahi na kudhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza: mtoto hana budi kuvaa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, karibu usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi awe na miaka minne hivi. Mguu unaopinda tena baada ya kunyooka mara nyingi ni ule ambao viatu vyake viliachwa. Plasta hapa ni sawa na mafuta ya tetrasaiklini ya siku 30. Kiatu cha usiku ni uso uoshwao. Na anayekivisha, mtoto akilia na majirani wakisema kwamba anamtesa, ni mama yule yule mwenye mtungi.

Au chukua mzee aliyepigwa na kiharusi. Nyumba iliyo na heshima humtumikia mzazi. Hulishwa, huvikwa, hunyanyuliwa, huwekewa kila kitu upande wa mkono ulio mzima ili asitaabike. Huruma hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayoudhuru mkono wa pili. Kiungo kisichotumiwa hukaza, bega hutelemka na kuuma, na ubongo, ambao waweza kuzizoeza sehemu zake zilizosalia kushika kazi ya zile zilizokufa, haupati sababu ya kufanya hivyo. Mganga wa viungo akija humwagiza mwana amwache baba ahangaike na kijiko, na agizo hilo kwa masikio ya nyumba ni ukosefu wa adabu. Kama ilivyokuwa kwa maji ya Kongwa, haitoshi kumfundisha mmoja. Wazee, jamaa na majirani wote hawana budi kusikia pamoja, ili yule binti asionekane kwamba amechoka kumtunza baba yake.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani liliandaa vitabu vya kuwafundisha watu wenye ulemavu katika jamii zao, na toleo lililokamilika lilitoka mwaka 1989. Ndani yake mtu wa nyumbani hakuitwa msaidizi wa mganga, aliitwa mkufunzi. Michoro yake yaonyesha vifaa ambavyo fundi wa kijiji chochote aweza kuvitengeneza: kiti chenye ubao wa mbele kwa mtoto asiyeweza kukaa, fimbo ya miguu mitatu, na nguzo fupi zilizochimbiwa uani katika mistari miwili, zikaunganishwa kwa fito mbili zilizo sawa na urefu wa kiuno, ili aliyepooza asimame kati yake, ashike huku na huku, na atembee hatua chache asubuhi, na hatua chache tena jioni jua likipoa.